Madoa Mekundu Chini ya Liwa

Siku yangu ya kwanza kituoni Jang'ombe, nikiwa mhudumu wa afya wa kujitolea, nilivaa koti jeupe la kuazima lililonifika magotini. Sista Mkuu alicheka. "Kunja mikono hiyo, usije ukafagilia nayo. Njoo chumba cha wagonjwa wa ngozi, ujifunze kutazama."

Nikajifunza. Msimu wa joto, vipele vidogo vya shingoni kwa watoto ni jasho lililoziba. Mabaka yanayowasha na kuhamahama, mara nyingi ni mzio, yaani mwili umekataa chakula au dawa. Viwili vitatu vilivyofuatana mguuni, mbu au kunguni. Duara lenye ukingo mwekundu, fangasi. Mwaka haujesha nshajiona daktari, na kidato changu cha pili!

Ndipo akaja Bi Mwanaisha, muuza maandazi, na mjukuu wake wa miaka mitatu, anachemka homa. Mtoto kapakwa liwa, ule msandali wa kusaga tunaopaka kwenye vipele, kifuani mpaka miguuni. Nikaona wekundu pembenipembeni tu.

"Joto hilo, bibi. Kamuogesheni."

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, mtoto kifuani. Sista Mkuu akapita.

"Huyu keshaonwa?"

"Naam, nshamuona mie."

"Umemuona mtoto, au umeiona liwa? Lete maji."

Tulipomuosha, madoa yakatokea, madogo kama ncha za sindano. Sista akachukua gilasi ya chai, akaikandamiza juu yake, akachungulia. "Ya joto na ya mzio kwa kawaida hufifia ukiyabana. Haya je?"

Hayakufifia. Damu ilikuwa imevuja chini ya ngozi, na penye homa hilo si la kungoja hata kidogo. Gari ya wagonjwa ikamkimbiza hospitali kubwa. Nilibaki nimeshika gilasi.

Mtoto alipona. Nyinyi mnaoanza, osheni kwanza, ndipo mseme.

Mwezi uliopita, baada ya miaka sita, niliacha kujitolea ili nikamalize kidato cha nne, maana nnautaka uuguzi na nitaupata. Wenzangu wananiita mstaafu. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa Bi Mwanaisha.

"Shikamoo bibi. Nisamehe ya siku ile."

"Marahaba mwanangu. Unadhani mie nlikaa pale napumzika? Nlijua hujamuona. Nlikuwa nakungojea."