Mzigo Nilioupokea Barabara ya Kwihara

Kwanza niseme hivi: haya sikusimuliwa. Hayakumpata shoga yangu wala jirani wa shoga yangu. Yalinipata mimi, saa saba mchana, jua likiwa utosini, nina akili zangu zote na baiskeli nimeiegemeza mtini. Najua visa vya namna hii watu huvipenda vya usiku, mbwa wakibweka. Changu hakikungoja usiku. Usiku mimi nilikuwa nalala kama gogo, kwa uchovu nitakaokueleza sasa hivi.

Wakati huo tulikuwa kijiji cha ujamaa, upande wa Ntalikwa. Mume wangu Athumani alikuwa fundi seremala, mtu wa mjini Tabora, lakini tulipopangiwa kijiji tukahamia, na mama yake, Bi Nyamizi, akaja nasi. Nilikuwa na watoto watatu. Zaituni wa miaka saba, Ramadhani wa minne, na Hawa bado ananyonya.

Basi akaletwa mwalimu wa michezo, Mwalimu Kasanda, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni. Akatuita uwanjani akasema vijiji vitashindana, na wanawake pia, na si mbio za kawaida. Unaanza kwa kuogelea kuvuka bwawa. Ukitoka, na maji yako mwilini, unapanda baiskeli. Ukishuka kwenye baiskeli unakimbia kwa miguu mpaka mwisho. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke gani wa Unyamwezi anaogelea?

Mimi. Nilizaliwa Ujiji, ziwa lilikuwa mlangoni kwetu, nilijua kuogelea kabla sijajua kusuka ukili. Baiskeli nilijifunza kwa ile ya Athumani, wakati yeye amelala. Na kukimbia, niamini, mwanamke mwenye watoto watatu anakimbia tangu alfajiri, ila hakuna anayempigia filimbi.

Kiangazi kile yalipangwa mashindano manne. La kwanza Goweko, nikawa wa pili nyuma ya Perpetua, binti mwenye miguu kama ya swala, kwa sababu maziwa yalinijaa njiani kifua kikaniuma. La pili sikwenda, Ramadhani alishikwa na surua. La tatu lilikuwa kijijini kwetu, nikashinda. Nawakumbuka wote tuliotoka bwawani siku ile: Perpetua, Kabula, Siwema, Tatu binti Mrisho, na Ester mke wa bwana shamba. Likabaki la nne, mjini. Atakayeshinda hilo angeingia timu ya mkoa, apande treni aende kushindana Dar es Salaam.

Athumani alikuwa amechoka na mbio zangu. Akaniambia, "Mke wangu, hivi unakimbilia wapi?"

Nikamwambia, "Nakimbilia maji yako ya kuoga."

Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Sikia. Msimu huu tu. Ukichaguliwa, nenda, watoto nitabaki nao mimi na mama. Usipochaguliwa, baiskeli yangu usiiguse tena."

Nikakubali. Ningefanya nini? Baiskeli ni yake.

Sasa niambie wewe, mazoezi ningefanya saa ngapi? Alfajiri kisimani. Asubuhi kengele ya shamba la kijiji, na ukichelewa jina lako linasomwa mbele za watu. Jioni kuni, kupika, kuogesha watoto. Usiku darasa la kisomo, ndiko nilikojifunza hizi herufi ninazokuandikia. Saa iliyokuwa yangu ni moja, saa saba mchana, wenzangu wakipumzika barazani. Nikawa namwachia Zaituni mtoto mchanga, navaa kaptula ya Athumani ndani ya khanga, natoka.

Bi Nyamizi alinikataza. "Saa saba si saa ya mtu kuwa njiani peke yake, mkamwana."

"Niambie basi mama, saa yangu ni ipi?"

Akaendelea kupepeta mtama.

Ilikuwa Jumanne. Nilienda kwa baiskeli mpaka karibu na Kwihara, nikaiegemeza mtini, nikaanza kukimbia kwa miguu ile barabara ya zamani, waliyokuwa wakipita wapagazi na pembe na vitambaa. Ni mchanga mtupu, pande zote miyombo. Kulikuwa kimya, hata chiriku hakulia. Mbele yangu nikaona mtu.

Alikuwa mwanamume, anatembea, ana mzigo begani. Mzigo mrefu umefungwa kwa mkeka na kamba za magome. Nikasema moyoni, huyo nitampita pale kwenye kona. Kona ikafika, yeye yuko mbele vilevile. Nikaongeza mwendo. Mimi nakimbia, yeye anatembea, na nafasi haipungui. Unaelewa uchungu wake? Mimi niliyemwacha Perpetua kijijini kwetu, nishindwe na mtu aliyebeba mzigo na anatembea? Mtu mwenye busara angegeuka pale. Mimi nilifunga khanga kiunoni nikatoka mbio kama nimeona mwisho wa uwanja.

Akasimama. Si kwamba nilimfikia, yeye alisimama akaningoja.

"Shikamoo, mzee," nikasema, pumzi hazinitoshi.

Hakuitikia.

"Shikamoo, mzee wangu."

Kimya. Alikuwa ananitazama tu. Jua lile lote, na usoni hana tone la jasho. Miguu yake mikavu, haina hata vumbi, na barabara ile hata mbuzi akipita anabadilika rangi. Haya yote niliyaona, wala sikufichi. Lakini sisi tulilelewaje? Umkute mtu mzima kwenye jua, mzigo umempinda shingo, wewe una mikono mitupu, useme nini? Mdomo ulisema wenyewe.

"Lete nikupokee, mzee."

Ndipo akasema, kwa sauti kavu, "Umesema mwenyewe."

Akainama. Nikaweka bega. Wallahi sikuona kitu kikinigusa, wala mkeka, wala kamba. Lakini magoti yalikunjika, mkono wa kushoto ukashika mchanga. Nilipoinua uso, mzee yule alikuwa anaondoka, shingo imenyooka, mikono anaizungusha kama mtoto aliyefunguliwa shule. Halafu akakimbia. Jamani, nimeona watu wakikimbia, lakini vile sijaona tena. Kisha hakuwepo.

Begani kwangu hapakuwa na kitu. Nikapapasa, nikajicheka, nikageuka nirudi. Nikatazama mchanga. Alama za kuja zilikuwa za miguu ya mtu mmoja tu, zangu, nyepesi, vidole peke yake. Na zile nilizokuwa nakanyaga sasa, za kurudi, zilikuwa zinazama mpaka kwenye kifundo. Nilipopanda baiskeli, tairi la nyuma, nililolijaza upepo mwenyewe asubuhi, lilibonyea kama nimepakia gunia la karanga kwenye keria. Nikashuka, likajaa. Nikapanda, likabonyea.

Nilifika nyumbani nasukuma. Bi Nyamizi aliniona tangu mbali akaacha ungo.

"Mayo we! Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, mama."

"Umekutana na nani?"

Nikamweleza. Akajishika kichwa. Baba yake Bi Nyamizi alikuwa mpagazi, alitembea na misafara mpaka pwani na kurudi. Akaniambia mpagazi akifia njiani huzikwa yeye, mzigo wake ukagawanywa kwa wenzake. Lakini wapo waliofia porini peke yao, na mizigo yao haikufika. Hao hawalali. "Mzigo wa namna hiyo hautuliki chini," akasema. "Haupokonywi. Hauaguliwi kwa dawa. Unatoka kwa mtu mmoja tu, yule atakayekuambia kwa mdomo wake, nikupokee. Wewe umeomba, umepewa."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nikaanza kutafuta mtu wa kunipokea. Usinitazame vibaya, ungefanya hivyohivyo. Nilipita kijijini na ndoo kichwani, jembe mkononi, Hawa mgongoni, naguna kwa makusudi. Wakubwa wenzangu walikuwa kwenye mavuno, kila mmoja ana mzigo wake, wananipita wakisema, "Pole, mama Zaituni!" Pole itanisaidia nini? Waliokuwa na mikono mitupu ni watoto. Na watoto wa wakati ule walifundishwa, wakikuona wanakuja mbio. Mimi nawakimbia! Naona kitoto cha Siwema kinanijia kinacheka, naingia kwenye mahindi.

Na Athumani? Alikuwa amekaa barazani, mkono huu bure na mkono ule bure. Nikapita mbele yake mara tatu na mzigo wa kuni. Mara ya tatu akasema, "Leo kuni nzuri." Basi. Neno moja tu, na yeye ndiye ningempa bila kufikiri mara mbili! Nilimwona kafumba macho anasinzia, nikatamani kulia.

Siku ya mashindano ikafika. Mwalimu Kasanda alitupanga ukingoni mwa bwawa. Watu walikuwa wengi, ngoma inalia. Nilikuwa na fungu la nguo kavu mkononi. Perpetua yuko kulia kwangu, ananyoosha miguu yake ile. Akaniuliza, "Dada, unaumwa? Umekonda, lakini unatembea kama mjamzito."

Ndipo Zaituni akapenya katikati ya watu. Gauni lake la bluu, kichwa nimemsuka jana yake. Amefurahi mama yake kuwa mbele za watu. Akanyoosha mikono miwili kuelekea lile fungu la nguo.

"Mama, nikupokee?"

Nitakuambia ukweli, kwa sababu nimeahidi ukweli. Mzigo ulisogea. Niliusikia begani ukiinama upande wake, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Bega likapata hewa. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mwepesi kama nilivyokuwa Jumatatu ile kabla ya yote. Nikaliona bwawa lote, nikajua nitalivuka wa kwanza, nikaiona treni. Kilichotakiwa ni mimi kusema "haya."

"Toka hapa!" nikapiga kelele. "Nani kakuita? Toka!"

Nikalitupa fungu la nguo majini, asilishike. Zaituni alirudi nyuma. Watu wakaguna, mwanamke gani huyu? Mzigo ukarudi begani ukakaa, na filimbi ikalia.

Sina haja ya kurefusha. Mimi mtoto wa Ujiji, niliyekuwa naelea kama kibuyu, nilikunywa maji ya bwawa lile mpaka Mwalimu Kasanda akavua viatu. Nilitoka wa mwisho. Baiskeli ikanizamia mchangani. Kwa miguu nilikimbia, kweli nilikimbia, na mwisho nilifika, lakini walikuwa wamekwisha kung'oa kamba na Perpetua ameshabebwa juu juu. Akachaguliwa yeye. Alistahili, sina neno naye.

Jioni Athumani alisema, "Yameisha." Akanunua kufuli akaifunga baiskeli kwenye nguzo ya jikoni. Nilijaribu kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Ungesema tu umeshindwa." Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, alikuwa mume mwema kwa mambo mengine, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi hata siku moja kusema "lete nikupokee." Nilikuwa namngoja, kisha nikaacha kumngoja.

Zaituni alinuna wiki nzima. Sikumwambia sababu. Mtoto wa miaka saba utamwambiaje? Alikua akijua kwamba siku ile mama yake alimwonea haya mbele za watu, na nikamwacha ajue hivyo mpaka naye alipozaa. Nilipomwambia, aliniuliza, "Bado unao?"

Ninao. Mimi ni kibibi, nguo zote zinanipwaya, lakini mjukuu wangu akinipakia pikipiki anasema, "Bibi, umeficha nini?" Kliniki muuguzi alinipandisha kwenye mizani mara tatu akaipiga teke, akasema imeharibika. Viatu vyangu vinalika soli upande wa kushoto. Kitandani upande huo una bonde.

Kwa hiyo ninyi wajukuu zangu mnaosema bibi ni mkali, nikitoka sokoni mkinikimbilia nawafokea kama mbwa, sababu ndiyo hiyo. Mikono yenu iacheni mgongoni. Kikapu changu nitafika nacho.

Na wewe unayesoma, sikukatazi kuwasaidia watu. Lakini ukimkuta mtu njiani na mzigo, msalimie kwanza, ungoje aitikie. Asipoitikia, pita, hata akiwa mzee, hata jua likiwa kali. Nimewaambia wanangu pia: siku zangu zikiisha, mmenizika, kisha mkanikuta barabara ile ya Kwihara nimeinama, niamkieni. Nisipowajibu marahaba, ni mimi, na nimechoka. Piteni msigeuke nyuma, hata kama mnanipenda.