Pumzi ya Bismillahi

Juzi, kwenye benchi la ofisi ya chifu huko Timbwani, bawabu alikuwa akitazama simuni Wamarekani wakibishana ni risasi gani inayofaa kumwindia elki, mnyama wa kwao anayefanana na paa lakini mkubwa kama ng'ombe. Mzee aliyeketi kando yangu akacheka. Zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku, aliwabebea wazungu bunduki.

"Wao walitaka mnyama afe papo hapo," alisema. "Sisi Waislamu tulimwomba bwana achague risasi ya kumwangusha tu. Pumzi ibaki, niwahi na kisu, niseme bismillahi. La sivyo ni mzoga, nasi twalala njaa."

Akapitisha kidole shingoni, taratibu, kwa adabu.

Mama mmoja alikuwa akimsikiliza. Alikuja kutafuta barua ya cheti cha kifo cha mwanawe, aliyepigwa risasi akitoka kazini. Akakunja karatasi zake mara mbili.

"Wallahi, mzee wangu, mnyama wako alikuwa na bahati," akasema. "Mwanangu hakuachiwa hata pumzi ya kutamka shahada."

Bawabu akazima simu.

Uwindaji ulipigwa marufuku zamani, alituambia mzee. Labda alisahau kuongeza: wa wanyama.