Ukuta Niliousafisha kwa Ajili ya Wakwe

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nisikilizeni, halafu mnihukumu mtakavyo.

Nina mdogo wangu, nimwite Mwana. Ni mtu mzima, lakini akili yake inakwenda polepole na maneno hayamtoki. Marehemu mama alimchorea picha kwenye vipande vya maboksi, akazibandika ukutani sebuleni kwetu hapa Bagamoyo: kata ya maji, sahani ya wali, choo, mtu aliyeshika tumbo. Mwana akitaka kitu anaweka kidole kwenye picha yake, basi.

Mwaka huu binti yangu akaletewa posa kutoka Lugoba. Nikaona haya. Wageni wakiuona ule ukuta watauliza, na tukiwajibu watasema ukoo wetu una kasoro. Mume wangu alinikataza, nikamwambia malaika hawaingii kwenye nyumba yenye picha. Nilisingizia dini, Mungu anisamehe, maana miaka yote tulikuwa tukiswali humo humo. Asubuhi nikazibandua, nikazitia kwenye moto wa pilau.

Wageni wamekaa, Mwana akatoka chumbani. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaweka kidole patupu, pale alipokuwa yule mtu wa tumbo. Akanitazama. Akaweka tena.

Wallahi nilijua ni picha gani! Lakini nikacheka mbele ya wakwe, nikamshika mkono.

"Twende ukalale, mdogo wangu," nikamwambia, nikafunga mlango kwa nje.

Nilipomfungulia wageni walikuwa wameshaondoka. Nikamkuta amejikunja sakafuni, jasho linamtoka, anatetemeka. Hospitali wakasema kidole tumbo kimepasuka.

"Hakulalamika?" daktari akaniuliza.

Nikasema hakulalamika. Hata pale nilidanganya.

Alipasuliwa, akalazwa siku nyingi, na alhamdulillahi amepona. Posa nayo ilikubaliwa. Nimemchorea picha nyingine, mbaya mbaya tu, si mkono wa mama, na anazitumia. Ila mtu akipiga hodi, Mwana anainuka mbio, anazibandua zote mwenyewe na kuzificha chini ya godoro. Kisha anakaa kimya mpaka mgeni aondoke, hata akiwa na kiu.

Wewe mwenye ndugu kama wangu, usimnyang'anye mdomo wake kwa kuogopa watu. Mimi sasa nikisikia hodi namwahi pale ukutani, namwambia ziache, mdogo wangu, ziache. Bado haniamini.