Rangi ya Bluu Kwenye Miguu ya Mtoto Wangu

Admin, nisamehe kwa kukuweka ukingoja. Nilipokuahidi kisa hiki mtoto wangu hakuwa na jino hata moja; leo ana manne na ananing'ata nayo nikimnyonyesha. Nikishika simu analia, akilala na mimi nalala. Ficha jina langu. Bosi wangu wa zamani atajijua tu, na ni sawa ajijue.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mitatu, nilisoma mpaka S4, yaani kidato cha nne, mume sina. Sasa nakaa kwa mama yangu Logiri, lakini kabla ya hapo nilikuwa nauza vitenge Arua mjini. Mshahara hakuna, kamisheni tu: ukiuza unakula, usipouza unaangalia wenzako wakila. Mwenye duka alitaka tumwite Dairekta. Dairekta wa duka lenye mlango mmoja, na huo mlango wenyewe haufungi vizuri. Siku ya kwanza alichukua bahasha yenye cheti changu cha S4 akaifungia kwenye droo yake, eti ndiyo dhamana nisitoroke na vitambaa. Kila asubuhi alitupanga mstari na kutuambia, "Hapa sisi ni familia moja." Familia gani hiyo, ambayo viti ni vya wateja na anayenyonyesha anasimama mpaka miguu inavimba?

Wamama wa Kongo waliovuka mpaka pale Vurra walinipenda kwa Kiswahili changu. Wakiingia wanauliza, "Yule dada wa mutoto iko wapi?" Dairekta aliposikia hivyo akaona biashara. Akanipa kitenge cha dukani, cha bluu chenye ndege wa njano, akaniamuru nimbebee mtoto humo kila siku. "Mama mwenye mtoto mgongoni, nani atamwita mwongo?" akasema, akacheka peke yake. Bei ya kitenge akaikata kwenye kamisheni yangu. Ndiyo, nililipia mwenyewe kuwa tangazo lake.

Siku chache baadaye akafungua duka la pili Koboko, akanipeleka huko na mtoto wangu. Agizo lilikuwa moja: sema ni waksi ya kweli, haichuji. Nikasema. Changu kilikuwa bado hakijaguswa na maji, ningejuaje?

Siku moja wakaja wamama wa harusi kuchagua sare. Kundi zima, kichwa chao Hajati mmoja mtu mzima. Nikawahi kuwapokea, maana kundi kama hilo ni kamisheni ya kumlisha mtoto muda mrefu. Hajati akashika ile ya ndege, akaisugua kwa kidole.

"Binti, hii rangi iko ya kutoka?"

"Hapana, Hajati. Ni waksi ya kweli."

"Wauzaji wote nasema kweli."

Mwenzake akadakia kutoka nyuma, "Basi uliza mutoto! Huyo bado hajajifunza kuongopa!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Hajati akapita nyuma yangu kumtekenya mtoto, akauvuta mguu wake nje ya kitenge. Kicheko kikakatika. Mtoto alikuwa amekojoa, na mguu wake ulikuwa wa bluu mpaka gotini. Fulana yake nyeupe nayo, nusu nzima bluu.

"Haya," Hajati akasema taratibu. "Mutoto amejibu."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mama hakunitukana. Aliomba maji, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akampakata mwanangu na kumwosha miguu kwa sabuni yake mwenyewe aliyotoa kwenye kikapu. "Usilie. Hapana wewe," akaniambia. "Ni mutu aliyekufunga hii kitambaa." Wakaondoka bila kununua kitu.

Kesho yake Dairekta akafika kutoka Arua, tai shingoni.

"Ulimfunua mtoto makusudi!"

"Dairekta, mtoto alikojoa."

"Na kwa nini akojoe mbele ya wateja?"

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza. Mwanaume mzima anagombana na mtoto wa miezi mitano kuhusu mkojo. Akaninyang'anya ile fulana, akasema itafungiwa kwenye droo na cheti changu. Na kitenge nilichokilipia, ambacho mkojo ulikuwa umekaukia humo, akakikunja vizuri akakirudisha kwenye rafu kiuzwe. Mimi akanifukuza.

Sasa shule moja ya chekechea upande wa Kuluva inataka kunichukua. Mwalimu mkuu ni mama mwelewa, ila lazima aone cheti chenyewe kabla muhula haujaanza. Nikampigia Dairekta. Akanitumia ujumbe wa sauti: niende kwanza Koboko, nimwambie Hajati na wenzake kwamba siku ile nilikuwa nimempaka mtoto ile dawa ya bluu ya vidonda, rangi haikutoka kwenye kitenge. Nikishasema, cheti kitarudi.

Mama yangu anasema, "Sema tu, mwanangu, ni neno moja." Na kweli kuna asubuhi nimeamka nikitaka kwenda kulisema. Kisha namvua mtoto nimwogeshe, naikumbuka mikono ya yule mama. Yeye ndiye nikamdanganye mara ya pili?

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni akili. Uongo siuwezi. Nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi, au niende kwa Hajati mwenyewe nimweleze ninavyobanwa?

Na wewe Dairekta, ninajua unaupitia ukurasa huu ukiwa umekalia kiti cha wateja. Vitu vyangu mpe dereva wa gari la Vurra, atavishusha Logiri. Cheti changu cha S4, chenyewe, si fotokopi. Kadi ya chanjo ya mtoto, iko kwenye bahasha hiyo hiyo. Na fulana yake nyeupe.

Usiifue.