Mshipi wa Gomesi Kwenye Injini

Mjukuu wangu akikata sabuni ya mche, ile harufu hunirudisha uani kwetu Nateete, asubuhi ile askari walipokuwa wakimtafuta baba. Ilimlazimu avuke mpaka siku hiyo hiyo, pamoja na mama na mdogo wangu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ningebaki kwa shangazi, eti nitafuata.

Gari letu la mizigo lilikuwa limechoka. Rejeta ilivuja, mkanda wa feni umekatika, na madukani hakukuwa na spea wala nini. Baba akaikanda sabuni, akaziba tundu la rejeta kwa kidole gumba. Kisha akamtazama mama kiunoni, pale gauni lake la gomesi lilipofungwa kwa mshipi mrefu wa kitambaa.

"Mama watoto, nipe huo mshipi wa gomesi."

"Ee! Unanivua mbele ya mtoto?"

"Gari nalo linataka kuvaa, bibie."

Mama akacheka, akaufungua. Baba akausokota, akauzungusha pale mkanda unapokaa, akafunga fundo dogo, akakata ncha. Injini ikawaka. Mama akajifunga kamba ya katani, akapanda na mtoto.

"Utafika wapi na kitambaa?" shangazi akauliza.

"Masaka kikifika, nitasokota kingine."

Nilikaa kizingitini mpaka jua likazama. Nilimwomba Mungu ule mshipi ukatike karibu tu, wasukume gari, warudi nyumbani. Kila nikisikia muungurumo nilisimama. Lakini baba alijua kufunga fundo.