Pale Nilipokohoa

Harufu ya betri iliyoanikwa juani sijawahi kufanikiwa kuieleza, na nimejaribu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ni kama chuma kilicholowa kikachanganyika na vumbi la moto. Juzi nilifungua kabati la mama nikakuta betri mbili kuukuu zimevujia gazeti, na kabla sijazitupa nikawa tena na miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa uani kwenye nyumba yetu ya kupanga, mtaa wa Mirongo, nageuza betri nne juu ya kipande cha bati kama anayegeuza dagaa.

Betri zile zilikuwa za redio kaseti ya mama mdogo Perusi. Mama mdogo hakuwa akiona. Surua ilimchukua macho akiwa bado anabebwa mgongoni, huko kisiwani Nansio. Alisoma shule ya wasioona, akafika kidato cha pili, kisha bibi akaugua na masomo yakaishia hapo. Alipohamia kwetu Mirongo alikuwa na jambo moja kichwani: kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje. Alikuwa amesikia kwamba maofisini wanachukua wasioona kupokea simu, lakini wanataka cheti. Vitabu vya sekondari vya nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole, mjini kwetu hatukujua pa kuvipata.

Ndipo mjomba Masatu, aliyekuwa akinunua sangara visiwani na kuwauzia wenye viwanda, akashuka melini siku moja na boksi kichwani. Miaka ile vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa madukani kana kwamba vilikuwa vimefungiwa mahali vikafunguliwa siku moja. Redio ilikuwa nyeusi, ina mkono wa kubebea, na kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza pamoja na jirani yake, mashine inameza sauti yako na kuitunza. Mama mdogo aliipapasa pande zote, taratibu, kama anavyopapaswa mtoto mchanga. Kisha akauliza nani katika nyumba ile anasoma Kiingereza.

Nilikuwa mimi. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma makopo ya maziwa, maboksi ya dawa na magazeti yaliyofungia maandazi. Nikawa naisomea mashine vitabu vya kuazima, bila kuelewa nusu ya nilichosoma. Kuelewa ilikuwa kazi ya mama mdogo. Mama Shija, jirani yetu wa chumba cha tatu, alimuuliza mbele ya watu, "Perusi, sasa utasoma kwa macho ya nani?"

"Ya Tabi," akajibu. "Yako nimeyaacha, yana kazi ya kuchungulia masufuria ya watu."

Ua mzima ulicheka, na mimi nikavimba kichwa kwa wiki nzima.

Sasa niwaambie ugonjwa wangu. Siwezi kuacha kosa likae. Shuleni nilikuwa nachana ukurasa kwa herufi moja iliyopinda. Kwenye kusoma ikawa vilevile: nikijikwaa kwenye neno narudisha mkanda nyuma, nafuta, naanza upya. Ukurasa mmoja uliweza kumaliza mchana wote. Mama mdogo alikuwa na sheria moja tu: "Ukikosea sema nimekosea, uendelee." Niliitikia, lakini mlango ukishafungwa nilifuta. Sura chache tu zilibaki na makosa yake, zile nilizosoma huku mama ananiita kuosha vyombo.

Sura ya maziwa na uvuvi, ya kitabu cha jiografia, ilikuwa mojawapo. Niliisoma nikiwa na mafua. Jogoo aliwika katikati, meli ya Nansio ikapiga honi, nikakohoa mara mbili karibu na mwisho. Mama mdogo aliisikiliza kuliko zote. Alikuwa akibandika kwenye kila kaseti kipande cha boksi alichokitoboa nukta, akanifundisha kuzisoma nukta zile nimefumba macho. Kaseti ya sura hiyo ilikuwa na nukta zilizokwisha kulainika kwa kushikwa.

Jumamosi kabla ya wiki ya mtihani tulitarajia mgeni. Dada Konsolata, mtahiniwa mwenzake, angekuja mchana kuchukua kitabu chake cha jiografia alichotuazima, na kabla ya kuondoka wangesikiliza pamoja sura ile. Dada Konsolata alivaa viatu vya kisigino na alizungumza Kiingereza kama wa kwenye redio. Angesikia jogoo wetu. Angesikia makamasi yangu.

Asubuhi ile mama mdogo alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikafunga dirisha, nikafukuza kuku hadi barabarani, nikaanza kusoma sura ile upya juu ya ile ya zamani, taratibu, kama mwalimu. Nilikuwa ukurasa wa tatu umeme ulipokatika. Sikutishika. Nilizitoa juani zile betri zangu, nikazipachika, mashine ikazunguka, nikasoma hadi nukta ya mwisho bila kujikwaa hata mara moja. Sikuwahi kujivuna namna ile.

Nilichokuwa sijui ni kwamba betri iliyofufuliwa kwa jua inazungusha mkanda kizeezee, na unaporekodi husikii.

Umeme ulirudi saa nane, na dada Konsolata naye. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye stuli. Mama mdogo akabonyeza. Kurasa tatu za kwanza zilitoka safi kama maji ya mtungini, nami nikawa naangalia chini kwa unyenyekevu wa uongo. Kisha, bila onyo, sauti yangu ikageuka ya kifaranga. Mkanda niliourekodi polepole sasa ulizunguka kwa kasi ya umeme; sauti ilipanda juu, ikakimbia, maneno yakabanana yakawa mlio tu. Dada Konsolata alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga ya mama. Mama mdogo hakucheka. Aliisikiliza hadi ikaisha, labda kwa matumaini kwamba mahali fulani itarudi kuwa mimi.

"Tabi," akasema. "Ile ya zamani iko wapi?"

Kilio changu kikamjibu. Mtihani ulikuwa Jumanne, na kitabu kilikuwa kinaondoka.

Aliweka mikono mapajani. Kisha akamwomba dada Konsolata afungue ile sura na kufuatisha, akaanza kuisema kwa kichwa tangu mwanzo. "Hapa jogoo anawika," akasema alipofika katikati, na akasonga mbele, kwa Kiingereza, neno kwa neno, mambo ya nyavu na mazalia ya samaki. "Hapa meli inapiga honi." Akaendelea. "Hapa Tabi anakohoa mara mbili. Baada ya kikohozi wanaeleza kwa nini ziwa letu halina kina kirefu." Kidole cha dada Konsolata kilikuwa kinatembea kwenye kitabu, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Mama mdogo alikwama mara moja tu, mwanzoni kabisa, kwenye zile kurasa tatu nilizozisoma vizuri.

"Nilikuwa nimezishika," akasema, "ila sasa zimechanganyika na hizi mpya. Hizi hazina pa kushika."

Dada Konsolata alifunga kitabu akakiweka juu ya redio. Akasema atakuja kukichukua Jumatatu jioni, na kwamba na yeye angependa kujaribiwa siku hiyo kabla hajaondoka, maana alikuwa na macho mawili na hakuikumbuka sura ile hata nusu. Mlangoni alivua viatu vyake akavishika mkononi, kwa sababu ya tope la uani, na nikaona soksi yake imetoboka.

Jumapili baada ya ibada nilirekodi tena. Dirisha wazi, kuku ndani. Nilisema nimekosea mara kumi na mbili, na kila mara nilihisi kama naoga hadharani.

Mama mdogo alifaulu. Jiografia alipata D, na D ile nilijilaumu nayo miaka mingi. Alipokea simu ofisini hadi alipostaafu, na watu walimtambua kwa namna alivyozitambua sauti zao kabla hawajajitaja.

Siku hizi simu yake inamsomea kila kitu: magazeti, ujumbe, hata majina ya waliompigia. Inasoma bila kujikwaa. Nilipompelekea nilitarajia afurahi, naye alifurahi kweli, akaniombea baraka. Lakini jioni alinipigia kulalamika. "Inasoma vizuri sana, mwanangu. Ila haikohoi. Nitajuaje nimefika wapi?"

Nilikuwa mtu mzima, nimekaa na rasimu ya tisa ya barua ya kurasa mbili, nilipoelewa alichokuwa akiniambia tangu Mirongo. Yeye alisoma kwa vidole, na kidole hakisomi kitu laini. Kila nilipofuta kosa nilikuwa napiga pasi zile nundu.

Kisa hiki nitamsomea mwenyewe, kwa sauti, kabla yenu. Nina mafua kidogo wiki hii. Nitakohoa.