Mwaka Bibi Alipolinyima Jembe Pombe

Juzi nilipita Kitahana, kijijini kwa bibi karibu na mpaka wa Burundi, mvua za kwanza zimeshashika, nikashangaa mashamba yalivyo kimya. Maana mwaka 2013, rafiki yangu, msimu wa kupanda ulikuwa na kelele za kuamsha Burundi nzima. Majembe arobaini, nyimbo, kisha mitungi ya pombe ya ndizi. Ndiyo ilikuwa bei yenyewe: huna pombe, hulimiwi. Ndizi zote za bibi ziliishia mitungini, na mimi mjukuu wake nina njaa ya simba.

Mwaka ule bibi akagoma. Mabua ya mahindi hakuyachoma, aliyalaza chini. Akasema hatuinui hata tuta moja. Tutoboe vishimo tu, tupande maharage palepale mahindi yalipotoka. Na mbegu ilikuwa debe moja, la mwisho. Yakigoma kuota, hatuna chakula, hatuna mbegu, na majirani tuliowanyima pombe hawatarudi kutuokoa.

Jirani yetu, mnywaji hodari kuliko mkulima, akasimama mpakani.

"Mama, hapo unapanda au unazika?"

"Nazika kiu yako, mwanangu."

Nilicheka mpaka nikamwaga mbegu.

Kicheko kiliisha magugu yalipoota. Tuliyang'oa kwa mikono wiki tatu, tunakula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, hapohapo shambani, vidole vinanuka mabua yaliyooza. Bibi akaacha utani. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu bibi alitania hata msibani.

Kisha ikaja mvua ya siku nne, ile ya kuswaga mbuzi. Matuta ya jirani yakateremka bondeni pamoja na maharage yake. Udongo wetu ukashikwa na mabua, haukwenda popote. Tulivuna, naapa, mpaka paka akakosa pa kulala.

Ndipo bibi akatengeneza pombe, mtungi mmoja tu, akamwita jirani. Akampa kata ya pombe na bakuli la mbegu. "Kunywa, halafu uulize."

Akanywa, akauliza. Msimu uliofuata wakauliza wengine, na majembe yakaanza kubaki nyumbani.

Ukubwani, kwenye masomo ya jioni, mwalimu alipoandika ubaoni "kilimo hifadhi", nilinyoosha mkono kabla hajageuka. Nikamwambia hiyo ni ya bibi yangu.

Bibi hayupo tena. Zile nyimbo za majembe nazo zimekwenda, na sikudanganyi, nazitamani. Lakini juzi nilisimama pale Kitahana nikausikiliza ule ukimya mpaka kichwa kikavimba kwa fahari. Ni bibi aliyeuleta.